Usiku Penye Kivuko



Twalikuwa tukienda kwa ndugu tuliyekosana naye, akaaye ng'ambo ya Rufiji. Tulipofika kivukoni jua lilikuwa limekuchwa. Mwenye mtumbwi akakataa kutuvusha, maana usiku viboko hutoka majini kwenda malishoni. Tukanung'unika, tukalala kando ya moto.

Ndipo tukamkumbuka Yakobo penye kivuko cha Yaboki, akimwogopa Esau kwa ajili ya kosa lake mwenyewe. Mungu alishindana naye hata alfajiri, naye akavuka akichechemea. Nasi twalikuwa tumechukua maneno makali. Usiku ule yakatutoka moja moja. Asubuhi tukavuka na neno moja tu: Utusamehe.

Basi, ukizuiliwa njiani, usimlaumu mwenye mtumbwi. Huenda Bwana hajaimaliza kazi yake moyoni mwako. Amin.