Mbegu ni ya Nani?

Katika mashamba ya Mbozi na Ileje, mkoani Songwe, maharage hupandwa pamoja na mahindi. Yakivunwa, mengine huliwa, mengine hupelekwa Tunduma kuuzwa, na machache hutengwa kwa mbegu. Kutenga huku ni elimu. Mama achaguaye punje hutazama rangi, hukumbuka ladha, na hupima kuni zilizoteketea kabla ya chungu kuiva. Tena, ua la harage hujichavusha lenyewe. Kwa hiyo mbegu iliyohifadhiwa hufanana na mzazi wake, na jirani aweza kumpa jirani pasipo kuipunguzia thamani.

Sasa umekuja uchaguzi mwingine. Mwaka 2014 wataalamu walitangaza jenomu ya harage, yaani maandishi ya urithi yaliyomo katika chembe za mmea. Jeni zaidi ya 27,000 zilitambuliwa. Faida yake si ndogo. Zamani mtaalamu aliyechanganya aina mbili ilimpasa angoje mimea ikue na ijaribiwe na maradhi, ndipo ajue upi una kinga ya chule au madoa pembe. Leo kipande cha jani changa chatosha: alama iliyo karibu na jeni ya kinga ikionekana, mche hubakizwa, isipoonekana, hutupwa. Kwa mkoa uliopakana na Mbeya, ambako kituo cha Uyole kimetoa aina kama Uyole 96 na Njano Uyole, chombo hiki ni neema, na kukikataa kwa hofu tu ni kumnyima mwenye njaa.

Lakini neema hii yazaa swali. Kinga hiyo haikubuniwa na mashine; ilitafutwa katika mbegu zilizokuwapo, na nyingi zilitunzwa na wakulima wasioandikwa jina. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2012 yalinda haki za mvumbuzi wa aina mpya ya mmea, na mwaka 2015 nchi ilijiunga na umoja wa kimataifa wenye shabaha hiyo. Haki hiyo si dhuluma. Mtenda kazi astahili ujira. Dhuluma huanza pale ujira wa mmoja ufutapo deni lake kwa wengi.

Yaweza kusemwa kwamba mama wa Ileje hakuzijua jeni. Ni kweli, lakini asomaye kitabu hawi mtunzi wake kwa kuzijua herufi. Wala mkulima hawezi kudai asili, kwani harage ni mgeni Afrika: lilianza kulimwa Mexico na katika milima ya Andes, likapita mikono isiyohesabika hata likafika Songwe.

Basi mbegu ni amana, na kila aishikaye ni mdhamini. Mtaalamu atimiza udhamini wake akizihifadhi aina za kale, maana zikipotea hapatakuwa na kinga ya kutafuta. Na akiirudisha mbegu bora shambani kwa namna ambayo mama aweza kuitenga tena, na kumgawia jirani.