Kisima cha Jirani na Shamba la Mirungi

Tangu karne ya 16 wanazuoni wa Yemen na Hijazi wamebishana juu ya mirungi kwa swali moja: je, inalevya? Ibn Hajar al-Haytami, fakihi wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, aliiandikia risala nzima. Hakuiharamisha kwa kauli ya mkato, ila aliwaasa watu wajiepushe nayo. Mjadala umebaki hapo hapo, kwenye kinywa na akili ya mlaji. Naona umeanzia pasipo pake. Hata tukikubali kwamba mirungi haimlevyi yeyote, liko swali la maji, na kwa hilo sheria ya Kiislamu ina jibu lililo wazi zaidi.

Yemen haina mto wa kudumu. Kwa karne nyingi wakulima wa milimani waliishi kwa mvua iliyozuiwa kwenye matuta na kwa visima vilivyochimbwa kwa mikono, ambavyo havikutoa zaidi ya nguvu za mtu na mnyama. Miaka ya 1970 zikaja fedha za Wayemeni waliofanya kazi Saudi Arabia, mashine za kuchimba visima virefu, na pampu za dizeli yenye ruzuku. Mirungi ikimwagiliwa huchipua upya hata wakati wa kiangazi, bei inapopanda, na majani yake huuzwa mabichi kwa pesa taslimu. Hukadiriwa kunywa theluthi moja au zaidi ya maji ya kilimo nchini humo. Katika bonde la Sana'a maji huvutwa kwa kasi inayoipita mbali mvua inayoyarudisha. Visima vifupi vimekauka, vipya vinashuka mamia ya mita. Watetezi husema mti hauna kosa, na ni kweli: huko Nyambene, Meru, nchini Kenya, mirungi ya kale, iitwayo miraa, husimama kwa mvua katikati ya mazao mengine, na Yemen kwenyewe mapato yake yameokoa matuta ambayo yangebomoka. Lakini mtama hauwezi kulipia kisima cha mita 300. Mirungi inaweza, na hapo ndipo kuyamaliza maji kunapogeuka biashara yenye faida.

Atasema mwingine: kisima ni chake, shamba ni lake. Mafakihi hawakumwachia uhuru huo. Walikiwekea kisima harimu, yaani eneo ambalo jirani haruhusiwi kuchimba ndani yake asije akayapunguza maji, na wakamlazimu mwenyewe kutowanyima ziada wenye kiu. Eneo hilo lilipimwa juu ya ardhi kwa sababu ndoo haikufika mbali. Pampu inafika, lakini madhara yaliyokatazwa ni yale yale. Hoja nzito zaidi ni ya umaskini: katika nchi iliyovunjwa na vita, nani amnyang'anye mkulima zao linalomlisha? Tazama basi kisima cha nani hukauka kwanza. Ni cha maskini, asiyeweza kuchimba zaidi, naye huishia kununua maji ya boza kutoka kwa walioweza.

Kwa hiyo mwanachuoni anayeulizwa juu ya mirungi aulize kwanza maji yake yametoka wapi. Ile inayokuzwa kwa maji yasiyorudi, kuilima ni haramu kwa sababu inamdhuru jirani na wajukuu zake, hata kama kuitafuna kungekuwa halali.