Hodi ya Mpiga Picha

Je, uso wa mtu ni mali ya nani, pale unapoonekana na kila apitaye njiani? Swali hili nilidhani nimekwisha kulijibu, maana sisi wa visiwani tumekua nalo. Ni nani kati yetu ambaye hajamwona mgeni akisimama katika kichochoro cha Mji Mkongwe, akamlenga kwa kamera bibi aliyevaa buibui lake, kisha akaenda zake bila ya hata salamu? Tumelaumu, na lawama yetu ni ya haki. Lakini mlaumu hujijua siku anapoishika kamera yeye mwenyewe, na mimi nilijijua Ipuli.

Ipuli ni kata ya mji wa Tabora, katika nchi ya Unyanyembe. Nilifika huko kwa treni mwezi wa Novemba, msimu wa maembe, nikiwa na siku mbili za mapumziko, Jumamosi na Jumapili, na kamera begani. Sikuwa na mwenzangu, na hilo nililikusudia. Atembeaye peke yake hana wa kuzungumza naye, kwa hiyo macho yake hufanya kazi zaidi. Mtu anayezunguka Roma kwa namna hiyo hupiga picha mawe, na mawe hayaulizi neno. Tabora si mji wa mawe. Burton na Speke walipowasili mwaka 1857 waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu katika tembe za udongo, na udongo hurejea udongoni. Kilichobaki katika njia ile ya misafara, itokayo Bagamoyo hadi Ujiji, ni miembe. Husemwa kwamba iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na wapitao, wapagazi na watumwa, watu ambao wengi wao hawakuachiwa hata jina. Nilikwenda, basi, kupiga picha miti.

Lakini chini ya mti huwa pana watu. Asubuhi ya Jumamosi, kando ya njia ya vumbi, nilimwona mama mtu mzima akipanga maembe mafungu mafungu juu ya gunia. Mwanga ulipenya majanini ukamwangukia mkononi na nusu ya uso. Hakuwa amenitazama. Nilipiga mara moja, na papo hapo nikajua kwamba sijapata kupiga picha nzuri kuliko ile. Ndipo nikasogea na kumwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu, mikono yake ikiendelea na kazi. "Umeshapiga ndipo unanisalimu?"

Sikuwa na la kusema. Akaniambia niifute, naye akanieleza sababu bila ya hasira: nguo zile ni za kazi, na hapendi kuwekwa mahali asipopajua akiwa katika hali ile. Kama nataka picha, nije kesho atakapokuwa ametoka kanisani. Nikaifuta mbele ya macho yake. Nakiri kwamba kidole changu kilikuwa kizito.

Mchana nilikwenda kwa miguu hadi Kwihara, kwenye tembe iliyojengwa upya kwa kumbukumbu ya Livingstone, aliyekaa pale mwaka 1872. Njia nzima nilikuwa nikijitetea. Nilijiambia kwamba uso ulio barabarani ni wa wote, kama mwezi. Kwamba mwenye kuombwa ruhusa hujikaza, na uso uliojikaza si uso wa kweli. Kwamba lau wapiga picha wote wangebisha hodi, tusingejua wazee wetu walivyokuwa wakitembea, wakibeba na wakicheka. Hoja ya mwisho ndiyo iliyonielemea zaidi, nami siidharau hata sasa.

Kwihara ndiko nilikomkumbuka Kalulu. Stanley alipokuwa Unyanyembe mwaka 1871, mfanyabiashara mmoja wa Kiarabu alimzawadia mtoto wa kiume. Jina lake lilikuwa Ndugu Mhali. Jina hilo halikumpendeza Stanley, likabadilishwa, akawa Kalulu. Mwaka uliofuata mtoto huyo alikuwa London, katika studio ya picha iliyopambwa ili ifanane na pori la Afrika, akisimama pamoja na bwana wake. Alirudi Afrika katika safari nyingine ya Stanley, na mwaka 1877 akazama katika maporomoko ya mto Kongo. Picha ile ingalipo. Bila ya hiyo tusingeujua uso wake.

Picha ile ilinivunjia utetezi wangu, kisha ikataka kuuvunja na ule wa upande wa pili. Kalulu hakuibiwa picha kwa siri. Alisimama mbele ya kamera, akajua kwamba anapigwa, akatulia kama alivyotakiwa. Mwenye kutazama juu juu atasema aliridhia. Lakini ridhaa ya nani? Mtoto aliyetolewa zawadi kama kitambaa, akanyang'anywa na jina, angesema "sitaki" kwa ulimi upi? Hapo ndipo nilipoona kwamba swali si kama mtu ameombwa au hakuombwa. Swali ni kama angeweza kukataa, na kukataa kwake kukaheshimiwa. Hodi isiyokubali jibu la "subiri" si hodi, ni kelele tu za mtu anayeingia.

Na ule ukweli wa uso usiojua? Ni ukweli, sikatai, lakini una mwenyewe. Aliyemwona jirani yake kupitia ufa wa ukuta ameona kweli, na bado amekosa adabu. Wazee wetu wa pwani waliliita jambo hili sitara, na hawakuliwekea sharti la kuta, maana mtu anaweza kuwa na sitara yake hata sokoni. Waliokwenda studio ya Capital Art, iliyofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 1930, walivaa nguo zao bora wakakaa wima. Sidhani kwamba walidanganya. Walikuwa wakisema namna wanavyotaka kukumbukwa, na hayo nayo ni maneno ya kweli kuhusu mtu.

Jumapili nilirudi. Mama alikuwa katika kitenge kipya, ameketi kitini mbele ya nyumba, mikono magotini. Nikapiga, nikaenda mjini kwenye duka la kusafishia picha, na jioni nikamletea yake. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniomba niandike jina lake nyuma, ili wajukuu wasije wakauliza huyu ni nani. Nikaandika. Jina hilo silitaji hapa, kwa kuwa ruhusa aliyonipa ilikuwa ya picha, si ya makala.

Kwa jicho la fundi, picha ya Jumapili ni ya kawaida sana. Ile ya Jumamosi ilikuwa bora, nami hadi leo naiona nikifumba macho: mwanga, mkono, lile embe lililokuwa halijawekwa. Siwezi kudai kwamba dunia haikupoteza kitu. Imepoteza, na nadhani mwenye kutenda haki asijifariji kwa kusema haki haina gharama. Lakini nikiulizwa ile picha ilikuwa mali ya nani, sina tena shaka. Niliishika kwa dakika chache kama amana, mwenyewe akaidai, nikamrudishia.

Miembe niliyoifuata sikuipiga hata mmoja.