Hatamu Iliyokazwa Sana



Likizo iliyopita mdogo wangu alichukua simu yangu bila ruhusa, akaiangusha, kioo kikapasuka. Sikumtukana wala sikumpiga. Nilinuna siku tatu, huku najisifu moyoni: frateri mzima, nimejitawala! Jioni ya tatu mama akaniambia, "Mwanangu, umenyamaza, lakini humu ndani tunakuogopa."

Neno lile lilinikumbusha Xenophon, mfuasi wa Socrates na mwanajeshi, ambaye katika karne ya 4 kabla ya Kristo aliandika kitabu kuhusu kupanda farasi. (Mi mwenyewe sijawahi kupanda farasi, niseme ukweli.) Anaonya kwamba usimwendee farasi ukiwa na hasira, maana hasira haioni mbele na utajutia ulichofanya. Na anachokifanya farasi kwa kulazimishwa, anasema, hakina uzuri, sawa na mcheza ngoma anayechapwa viboko ili acheze.

Hebu fikiria farasi anayekimbia hovyo. Mpandaji mgeni huvuta hatamu kwa nguvu zote. Chuma kinamuumiza mdomoni, farasi anakaza shingo, anakiegemea kile chuma na kuzidi kukimbia. Anayejua kazi huanza kutulia yeye mwenyewe kwenye tandiko, kwa sababu farasi anausikia mwili wa aliyempanda. Anamzungusha kwenye duara kubwa. Anavuta kidogo, na farasi akiitikia hata hatua moja tu, papo hapo analegeza. Kule kulegeza ndiko kunakomfundisha. Kesho anarudia, na keshokutwa.

Sasa, upole ni nini? Xenophon anapotaka farasi mchanga awe mpole, anatumia neno la Kigiriki *praos*, umbo jingine la neno *praus* tunalolikuta kwa Mathayo sura ya 5, kwenye heri ya wapole. Farasi huyo hajapoteza nguvu hata kidogo. Naye Mtakatifu Tomaso wa Akwino, akimfuata Aristotle, anafundisha kwamba akili haizitawali hisia zetu kama bwana na mtumwa, bali kama kiongozi na raia huru, wanaoweza kumpinga.

Mtu atauliza: si afadhali kununa kuliko kupiga? Afadhali, ndiyo. Farasi akielekea korongoni, vuta tu! Ila farasi aliyezuiwa bado hajafundishwa. Mimi hasira yangu niliifungia ndani siku tatu, nikauita ule ukimya fadhila.

Usiku ule nilimwita mdogo wangu nje. Nikamweleza jinsi nilivyoumia, na kwa nini. Akasikiliza, akaomba msamaha, halafu akauliza, "Kwa hiyo kaka, bado umekasirika?"

"Kidogo," nikamjibu.

Akacheka, nami nikacheka. Kioo bado sijakibadilisha.