Ukata Ulioimbwa na Wawili

Huko Mamba, katika bonde la Rukwa mkoani Katavi, wamo Wasukuma waliohamia na mifugo yao, na mahari kwao huhesabiwa kwa ng'ombe. Kijana wa huko asiye na zizi akiusikia wimbo wa "Malaika" hahitaji mfasiri. Ampendaye yupo, cha kumwolea hana.

Je, mwenye navyo ana haki gani ya kuuimba?

Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte walitoa santuri ya pamoja, An Evening with Belafonte/Makeba, iliyopata tuzo ya Grammy ya nyimbo za kiasili mwaka uliofuata. Asiyeisikiliza hudhani kuwa wawili hao wameimba pamoja tangu mwanzo hadi mwisho. Sivyo. Aghalabu kila mmoja aliimba peke yake, na "Malaika" ni miongoni mwa chache mno walizokutana. Tena walikutana katika lugha isiyo ya yeyote kati yao: Makeba ni wa Afrika Kusini, Belafonte ni mzaliwa wa New York mwenye asili ya Karibi. Mwenye sikio kali la mwambao atapata pa kutabasamu.

La kuzingatia ni jingine. Wimbo huu ni wa mwanamume anayemlilia mpenziwe kwa ukata wake. Mwanamke huambiwa, hasemi. Anapoingia mwanamke na kuyatamka maneno yale yale, ukata hauwi tena wa mmoja. Malaika mwenyewe ameshuka kukiri kwamba naye hana. Ni uongo? Belafonte alikuwa na fedha na sifa, hilo halifichiki. Lakini Makeba alikuwa amezuiwa kurudi kwao mwaka 1960 hata kumzika mamake, na kukosa hakuanzii wala hakuishii mfukoni. Aliyetengwa na kaburi la mzazi hakuazima huzuni ya mtu.

Kwa waimbaji, basi, uaminifu haukukosekana. Deni lilibaki kwa mtunzi. Fadhili William wa Kenya aliutia wimbo katika santuri na jina lake likashika. Adam Salim naye alidai kuwa ni wake, na Fadhili alifariki mwaka 2001 mzozo ukingali hai. Wageni wawili waligawana ubeti mmoja. Waliodai kuutunga hawakuweza kugawana jina. Na kila aliyeuimba vizuri, hadi Boney M. mwaka 1981, alizidi kuwasahaulisha wasikilizaji kwamba palikuwa na mtu aliyekaa chini akautunga. Uzuri wa sauti haulipi deni hilo. Pengine ndio unaoliongeza. Malalamiko ya kukosa mali yakawa mali, tena mali ya kugombaniwa.

Kijana wa Mamba hatauliza mtunzi ni nani. Atauimba jioni nyuma ya ng'ombe wa babake, ambao bado hajagawiwa hata mmoja.