Mwaka Mmoja wa Kuufundisha Mkoa Wetu

Mwanangu, nimefurahi kusikia umepangiwa Darasa la Tatu huko Muleba, na kwamba mwalimu mkuu amekukabidhi Historia ya Tanzania na Maadili pamoja na Jiografia na Mazingira. Kabla ya mtaala huu ulioanza kutumika mwaka 2024 tulikuwa tukisema Maarifa ya Jamii. Majina yamebadilika, kazi ni ileile. Umeniuliza uupangeje mwaka ili mtoto akifunga shule Desemba awe anaujua mkoa wake. Mwalimu anayeuliza swali hilo kabla hajashika chaki anastahili kujibiwa kwa kituo, na hapa Nyanga nina nafasi ya kutosha ya kukujibu.

Neno langu kubwa ni hili: mwaka wako wa kufundisha uufuate mwaka wa Kagera wenyewe. Azimio la kazi liandike kama muhtasari unavyotaka, wiki kwa wiki, wathibiti ubora wakija walikute liko sawa. Lakini pembeni yake weka kalenda nyingine, ya mvua, ya kahawa, ya senene, na ya siku ambazo wazazi wa watoto hao huzikumbuka kimyakimya. Mada ya mazao ikiangukia wiki ambayo kahawa imeanikwa kila uwanja, umepata zana za kufundishia bure. Ikiangukia wakati hakuna hata tunda moja mtini, utabaki na mchoro ubaoni, na mtoto atakariri.

Januari anza na kibanja, yaani shamba la nyumbani. Usiharakishe kwenda kwenye bendera na wimbo wa taifa. Watoto wanavijua tangu awali. Kila mtoto aeleze kilichopo nyumbani kwao: migomba, mibuni iliyo chini ya migomba, maharage, magimbi, mti wa dawa ulioko nyuma ya nyumba na nani aliupanda. Kisha siku moja isiyo na mvua watoe nje, uwasimamishe pale kibanja kinapoishia na rweya, ule uwanda wa nyasi, inapoanza. Kila mmoja achote konzi ya udongo wa huku na konzi ya kule. Wa kibanja utakuwa mweusi, unashikana, una minyoo. Wa rweya umepauka, una kokoto, unapita katikati ya vidole. Hapo waulize: mvua ni moja, jua ni moja, kwa nini udongo si mmoja?

Wape muda. Watasema Mungu, watasema bahati. Halafu waambie wakaulize nyumbani, na kesho yake jibu litakuja lenyewe. Pwani ya ziwa letu hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mvua nyingi namna hiyo huosha rutuba ya ardhi ikaenda nayo. Udongo mweusi wa kibanja ulitengenezwa kwa mikono. Bibi na babu zao, na waliowatangulia, walifyeka nyasi za rweya wakazitandaza chini ya migomba, wakabeba samadi ya ng'ombe, majivu, na maganda ya ndizi, vizazi kwa vizazi. Rweya ililisha kibanja. Huko huko rweya akina mama walilima njugu mawe kwa zamu, wakaiacha ardhi ipumzike miaka kadhaa kabla ya kuirudia. Mtoto akilielewa hilo, katika kipindi kimoja amejifunza jiografia, historia, na maadili, tena kwa mfano wa watu anaowajua kwa majina. Na ataelewa kwa nini ng'ombe walipopungua, ndizi nazo zilipungua, na kwa nini mnyauko wa migomba ulipoingia Muleba mwaka 2006 wazee walikaa msibani bila maiti. Somo hili lipe wiki nzima. Ukiweza, lipe mbili.

Baada ya kibanja, ramani. Mtoto achore njia ya kutoka kwao hadi shuleni, kisha kata, kisha wilaya, kisha mkoa wenye halmashauri 8. Tuna bahati moja: kwetu mashariki haihitaji dira, maana jua huchomoza upande wa ziwa. Mfundishe mtoto asimame kifua kikielekea ziwani, mkono wa kushoto ni Uganda, mgongoni ni Karagwe na Rwanda. Wengi tulianza kujifunza pande za dunia kwa mshale uliochorwa ubaoni, wakati ziwa lilikuwa mlangoni.

Kwenye ramani ya mkoa kaa kidogo upande wa kaskazini. Mpaka na Uganda ni mstari ulionyooka, latitudo ya nyuzi 1 kusini mwa ikweta, uliokubaliwa na Wajerumani na Waingereza mwaka 1890 bila kumuuliza mtu yeyote wa Kiziba. Mto Kagera wenyewe hupita kusini ya mstari huo kabla ya kupinda na kuingia ziwani upande wa Uganda. Kwa hiyo kuna kipande cha nchi yetu kilichobaki ng'ambo ya mto. Mwonyeshe mtoto kipande hicho kwa kidole, umwambie akikumbuke, kwa sababu mtakirudia mwezi Julai.

Masika yakianza mtazungumza juu ya mito, mmomonyoko, na ziwa. Utafika Mei 21. Siku hiyo mwaka 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa imetoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilizama karibu na Mwanza, wakafa watu zaidi ya 800. Darasani kwako watakuwemo watoto ambao babu, bibi, au shangazi zao hawakurudi. Usiikwepe siku hiyo, wala usiifanye hadithi ya kutisha. Eleza kwa maneno machache kilichotokea, eleza kwa nini chombo hakipaswi kupakiwa kupita uwezo wake, na mwache mtoto anayetaka kusema jambo aseme. Ambaye hataki, usimuulize. Vivyo hivyo kwa ugonjwa uliotuchukulia watu wengi tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipogundulika mkoani kwetu mwaka 1983. Kwa umri wao inatosha wajue kwamba bibi wengi wa Kagera walilea wajukuu peke yao, na kwamba hiyo ni sehemu ya historia ya mkoa sawa na wafalme na vita.

Kuanzia Juni kahawa iko kila mahali. Hapa sitaki usome kitabuni. Mpe kila mtoto tunda moja, alipasue, akute punje mbili zimelala uso kwa uso. Ndipo umsimulie kwamba watu wa nchi hii walitafuna kahawa kabla Mjerumani hajafika. Waliichemsha na majani yenye harufu nzuri, wakaikausha, wakampa mgeni mkononi kabla hajaulizwa shida yake. Waliotaka kuwa ndugu walichanjana, punje zikapakwa damu, kila mmoja akameza ya mwenzake, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumtupa mwingine wakati wa njaa wala wa kesi. Mtoto anayedhani kahawa ni ya kuuza tu atashtuka, na mshtuko huo ndio mwanzo wa kuuliza. Baada ya hapo ndipo uingie kwenye biashara: ushirika ulioanzishwa Bukoba mwaka 1950 ili mkulima asiminywe na mnunuzi, KCU ya leo, na kiwanda cha Tanica pale mjini kinachosaga kahawa yetu. Bei usiibishie darasani, mwanangu. Wazazi wana machungu nayo na watoto wanayajua.

Julai 25 ni Siku ya Mashujaa, na wilaya yako ndiyo yenye makaburi ya Kaboya, walikolazwa askari wetu waliokufa katika vita vya Kagera. Shule ikipata usafiri, wapeleke. Isipopata, tumia ile ramani ya kaskazini. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia kwenye kipande kile cha ng'ambo ya mto, yakadai kuwa mpaka ni mto, yakavunja daraja la Kyaka. Watu walikimbia na mikeka kichwani. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979, na mwaka huohuo mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la mto. Mtoto aliyechora mstari na mto mwezi Februari hatahitaji kukaririshwa sababu ya vita, ataiona. Lakini sema pia kwamba waliotuvamia ni jeshi la mtawala mmoja. Waganda wa Mutukula na sisi tunaozeshana mpaka leo.

Muhula wa pili, weka chuma. Hili nalisema kwa mkazo, kwa sababu watoto wetu hulikosa. Katuruka, karibu na Maruku, na ufukweni Kemondo, wachimbaji wa mambo ya kale wakiongozwa na Peter Schmidt walikuta mabaki ya matanuru ya kuyeyushia chuma ya zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliokuwa bado wanakumbuka kazi hiyo waliijenga tanuru upya, wakayeyusha chuma mbele ya watafiti, na mwaka 1978 habari hiyo ikachapishwa katika jarida la Science la Marekani. Tafuta kipande cha mavi ya chuma, kizito, cheusi, chenye vishimo kama mkate uliochacha, kizungushe dawati kwa dawati. Watacheka jina lake, waache wacheke. Kisha waambie kwamba aliyekiacha alikuwa babu wa nchi hii, alijua ni mti gani wa kuchoma makaa, udongo gani wa kujengea, na jinsi ya kusukuma hewa kwa mivukuto mpaka jiwe likatoa chuma. Usikubali mtoto wa Muleba amalize darasa akiamini kwamba ufundi ulishuka kwa meli.

Sasa wazee. Utahitaji kuwaleta darasani au kuwafuata nyumbani. Nenda kwanza mwenyewe, bila watoto, na sukari mkononi. Salimia kama ulivyofundishwa. Muulize mzee mambo ambayo yuko tayari kuyasema mbele ya watoto. Mahojiano yawe kwa Kihaya kama ndiyo lugha ya mzee, halafu watoto waandike kwa Kiswahili. Na daima wasikilize wazee wawili kwa jambo moja. Ukoo huu utakwambia walifika nchi ya Ihangiro kwanza, ukoo ule utasema wao. Andika yote mawili, mtoto ajue kwamba historia ina pande.

Kuna jambo moja la kuogopa kidogo. Usiruhusu mtoto yeyote atajwe darasani kuwa ni wa ukoo wa watawala au wa watwana. Nyarubanja, utaratibu wa watwana kuwalipa mabwana kodi ya ardhi, ilifutwa kwa sheria mwaka 1965, lakini majirani wanakumbuka nani alimlipa nani kodi ya ardhi. Fundisha utaratibu ulivyokuwa na kwa nini uliondolewa, bila majina ya koo za hapo kijijini. Ukikosea hapo, kikao cha wazazi kitakuwa kirefu.

Majina ya fahari unayo mengi: Laurean Rugambwa, mzaliwa wa Kamachumu, kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960, Askofu Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Walutheri Duniani, mwaka 1977. Watajwe. Ila watoto wa visiwani mwenu wasikie pia habari za Bumbire, ambako mwaka 1875 mpelelezi Mzungu Stanley aliwapiga risasi wenyeji kutoka kwenye mitumbwi, akaua makumi ya watu, akaandika kitabu. Kwa miaka mingi habari hiyo ilisomwa kwa sauti yake peke yake.

Na tafadhali, usifundishe Kagera kana kwamba ni Buhaya tu. Kuna Wanyambo wa Karagwe, ambako mfalme Rumanyika alimpokea mpelelezi Mwingereza Speke mwaka 1861 kwa ukarimu ambao mgeni mwenyewe aliusifu. Kuna Wahangaza na Washubi wa Ngara, kuna Wasubi na Wazinza, kuna wavuvi waliohamia kutoka Ukerewe na Mara. Sensa ya 2022 ilituhesabu karibu milioni 3. Watoto wa Ngara wana historia ya daraja la Rusumo, ambako mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda zaidi ya 200,000 walivuka ndani ya siku moja, na wakapokewa. Mtoto wa kabila dogo akijisikia yuko nje ya somo la mkoa wake, somo limeharibika, hata kama wengine wote wamepata alama za juu.

Novemba senene wakishuka, mahudhurio ya asubuhi yatapungua. Usishike fimbo. Geuza kipindi kiwe cha senene: wanakuja na mvua gani, zamani akina mama waliwakusanyaje alfajiri, leo kwa nini kuna taa kali na mabati na mapipa, na nani anafaidika. Hilo litafunga mwaka vizuri kuliko mtihani wa majaribio wowote.

Ombi langu la mwisho ni la madaftari. Francis Xavier Lwamgira aliandika historia ya Kiziba kwa Kihaya, na kwa kuwa aliandika, tunayo. Madaftari ya mahojiano ya watoto wako yatakuwa na maneno ya wazee ambao hawatakuwepo miaka 10 ijayo. Yaandikwe jina la kijiji na tarehe, yafungwe, yawekwe kwenye kabati la mwalimu mkuu mahali pasipofikiwa na mchwa, na nakala moja uniletee Nyanga wakati wa likizo ya Desemba.