Zaka na Zana za Fundi

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, limetufikia darasani swali kutoka Ekero, soko lililo karibu na Mumias katika Kaunti ya Kakamega. Muulizaji ni kijana aliyejifunza kuchomea vyuma katika chuo cha ufundi, akafuzu, akapewa cheti. Mwaka mzima sasa yeye huchukua mizigo ya watu sokoni, kwa kuwa hana mashine ya kuchomelea wala hana cha kuinunulia. Auliza: Je, yafaa kusaidiwa kwa mali ya zaka, na hali yeye ni mzima wa mwili? Tumeona jawabu hili lisiwe lake peke yake, kwani kijana kama huyu yuko Majengo pia, na Kisauni, na Malindi, na Lamu.

Wala watu wa Ekero si wageni kwetu. Misafara ya wafanya biashara wa pwani ilifika Mumias katika karne ya 19, na pamoja na nguo na shanga ikafika kalima ya shahada, na Uislamu ukashika mizizi katika nchi ya Wanga hata leo. Baadaye kikajengwa kiwanda cha sukari, kikaanza kusaga miwa mwaka 1973, na watu wengi wakategemea ujira wake na miwa yake. Madeni yakakielemea, na mwaka 2019 kikatiwa mikononi mwa msimamizi aliyewekwa na wadai. Mwenye kutegemea ujira husimama pale kiwanda kinaposimama. Ama mwenye ufundi mkononi, huenda nao popote.

Sasa turudi katika swali. Ameipokea Abu Daud khabari ya mtu wa Kiansari aliyemwendea Mtume (S.A.W.) kuomba. Mtume hakumpa kitu papo hapo, wala hakumfukuza. Alimuuliza ana nini nyumbani kwake. Akasema ana nguo moja, nusu huivaa na nusu huitandika, na bakuli la kunywea maji. Mtume akavitaka viletwe, akavinadi mbele ya masahaba, vikauzwa dirhamu mbili. Akamwamuru dirhamu moja awanunulie watu wake chakula, na ya pili anunue shoka alete. Lilipoletwa, Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamtuma akakate kuni na kuuza, asimwone kwa siku kumi na tano. Akarudi na dirhamu kumi.

Tazameni mpango huu. Kwanza, njaa ya nyumbani iliondolewa, kwa sababu mwenye njaa hajifunzi wala hafanyi kazi. Pili, ilinunuliwa zana. Tatu, zana ilitiwa mpini, ikawa tayari kwa kazi. Nne, aliwekewa muda, kisha akatazamwa amefika wapi. Mwenye kupungukiwa na moja katika haya manne, kazi yake huvunjika njiani.

Na wanavyuoni wa madhhabi yetu ya Imamu Shafii wameyafuata haya. Imamu Nawawi ameeleza kuwa maskini mwenye ufundi hupewa katika zaka kiasi cha kununulia zana za ufundi wake, thamani yake ikiwa ndogo au kubwa, ili pato lake limtoshe. Basi kijana wa Ekero na apewe, na apewe bila ya kuonewa haya.

Atasema msemaji: Mbona Mtume (S.A.W.) amesema zaka haina fungu kwa tajiri wala kwa mwenye nguvu awezaye kuchuma? Twamjibu: Ndiyo, na neno lake ni haki. Lakini awezaye kuchuma ni yule mwenye njia ya kuchuma. Mchoma vyuma asiye na mashine ni kama mvuvi asiye na chombo wala wavu. Nguvu za mikono yake hazimlishi mtoto wake kwa ufundi alionao.

Ndugu zetu, tuitazame zaka yetu inavyotolewa. Kila Ramadhani mafukara hupanga safu katika milango ya matajiri, kila mmoja akapewa kidogo kisichofika siku ya Idi. Mwaka wa pili, safu ni ile ile, na nyuso ni zile zile, na baadhi ya waliokuja wakishikwa mkono na mama zao sasa waja peke yao. Kumpa mwenye njaa chakula ni wajibu, na mzee na mgonjwa na mjane wana haki yao isiyopunguzwa. Lakini kijana aliyefuzu ufundi, kumpa sarafu za siku moja mwaka baada ya mwaka, ni kumzoeza kuomba.

Wala tusione kazi ya mkono ni unyonge. Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma Nabii Daudi, akamfundisha kufanya nguo za vita. Nabii Nuhu aliunda jahazi, na Nabii Zakaria alikuwa seremala. Je, ni nani atakayemcheka fundi baada ya hao? Na wazee wetu waliochonga milango ya Lamu na kuunda majahazi ya Matondoni walikuwa watu wa heshima katika miji yao.

Wazee hao hao hawakuusahau ufundi wa kisasa. Mwaka 1948 kilianzishwa Mombasa chuo cha elimu cha Waislamu, MIOME, kwa fedha walizochanga Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamaa wa Kibohora na Serikali ya kikoloni, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wafunzwe ufundi. Masomo yalianza mwaka 1951, na chuo hicho leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Wenzetu Wakristo nao, kwa baraza lao la makanisa, walianza kufungua vyuo vya ufundi vya vijijini mwaka 1968. Na mwaka 2016 Serikali ilianzisha mradi wa KYEOP, kwa msaada wa Benki ya Dunia, kuwafundisha kazi vijana wa miaka 18 hata 29, na Kakamega na Mombasa zilikuwamo. Mradi huo uliwapeleka vijana kwa mafundi wa jua kali wajifunze kwa kutenda, na baadhi yao wakapewa fedha za kuanzia. Lakini hakuna mradi uwezao kumfikia kila kijana. Wengi hubaki na cheti kilichokunjwa sandukuni, nao ni shoka lisilo mpini.

Basi yatupasa nini? Wenye zaka wa kila mtaa na wakusanye sehemu ya zaka yao, wawakilishe watu waaminifu wa msikiti. Hao na waandike majina ya vijana waliofuzu, na fundi mkongwe awashuhudie kazi yao. Aliyejifunza kibandani bila ya cheti, na asaidiwe afanye mtihani wa ufundi wa NITA. Kisha apewe cha kununulia zana, ziwe milki yake, si mkopo wala si mali ya kamati. Na baada ya muda, aulizwe khabari zake kama Mtume (S.A.W.) alivyofanya.

Wala hatusemi zaka ya Mombasa ipelekwe Ekero. Katika madhhabi yetu zaka hugawiwa watu wa mji ule ule maadamu wenye kustahiki wamo, na hapa wamejaa. Watu wa Mumias na wamtazame kijana wao; nasi tuwatazame wetu. Mwenye kutaka kumsaidia yule wa mbali, mlango wa sadaka u wazi.

Twamwomba Mola atakase mali zetu, abariki mikono ya mafundi wetu, na awafanye wanaopokea zaka leo kuwa watoaji wake kesho. Amin.